Swichi ya mkono pamoja na taima kwenye valvu za kumwagilia

Mkuu, umeuliza kama unaweza kufunga swichi yenye transfoma yake sambamba na taima ili valvu za umeme za bustani uzifungue kwa mkono muda wowote. Inawezekana, ila usiunge kienyeji tu, maana umeme wa transfoma ya pili utarudi kinyumenyume hadi ndani ya taima na hapo ndo watu wanaunguza bodi. Chukua swichi ya njia mbili, ile ya pini tatu inayozima ikiwa katikati, pini ya kati iende kwenye valvu, upande mmoja uje waya wa taima, upande wa pili 24V AC toka transfoma nyingine, yaani valvu inasikiliza bosi mmoja tu kwa wakati. Waya wa pamoja wa valvu zote unaungwa kwa transfoma zote mbili, huo haupiti kwenye swichi kabisa. Viungio vya chini ya udongo tumia vile vyenye grisi ndani, utepe mweusi peke yake maji yanaingia tu. Na kama ni mara mojamoja, legeza koili ya juu ya valvu (ile sehemu inayoingia waya mbili) robo mzunguko, kwenye valvu nyingi maji yanafunguka bila umeme wowote, ukimaliza irudishe kwa mkono, usiikaze na koleo.