Linganisha Jeni F Nzima: Ushauri kwa Anayechunguza Kirusi cha Mdondo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba tasnifu yake ya kulinganisha virusi vya mdondo, ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle, imerudishwa, na akauliza kama aiache. Asiiache. Mimi niliambiwa mbele ya watahini kuwa kuku wa kienyeji wanaokufa vijijini hawana sayansi ya kuandikwa, na maneno hayo yananiuma hadi leo, ingawa mifuatano ya vinasaba tuliyoipata kwa kuku hao hao sasa imo GenBank, hifadhidata ya wazi ya vinasaba, na watafiti wa nchi nyingine wanaitumia.

Kilichoibeba kazi yetu ni kukataa njia ya mkato. Kipande kifupi cha jeni F, jeni ya protini ambayo kirusi huitumia kuingia katika seli, kinachozunguka mahali protini hiyo inapokatwa, kinatosha kuonyesha ukali: kirusi kikali huwa na asidi amino kadhaa za besi, kama RRQKRF (kila herufi ni asidi amino moja; R na K ni za besi), ilhali chanjo ya LaSota ina GRQGRL. Ukitaka kujua jenotaipu, yaani kundi la kinasaba la kirusi, hata hivyo, soma jeni yote, nyukleotidi (herufi za vinasaba) 1,662, kwa kuwa uainishaji uliokubaliwa mwaka 2019 hutenganisha jenotaipu kwa tofauti ya wastani ya asilimia 10 katika jeni F nzima. Ni gharama, najua. Afadhali sampuli chache zilizosomwa kikamilifu kuliko rundo la vipande.

Tena, usichore mti wa nasaba bila kuweka virusi vya chanjo za LaSota na I-2 ndani yake. Kuku aliyechanjwa karibuni anaweza kukupa kirusi cha chanjo, nawe ukadhani umempata muuaji.

Na matokeo yakitoka, chunga ulimi. Virusi vikali vilivyopatikana Tanzania ni vya jenotaipu V, VII na XIII, wakati I-2 ni ya I na LaSota ni ya II. Wapo wanaoikimbiza tofauti hiyo kwa wafugaji wakitangaza kwamba chanjo haifai. Huko ni kuwapotosha watu wenye kuku wachache na fedha kidogo. Kirusi cha mdondo kina serotaipu moja tu, yaani kingamwili za aina moja hukitambua chote, na chanjo iliyotolewa vizuri huzuia vifo hata jenotaipu zikitofautiana, ijapokuwa kuku aliyekingwa bado anaweza kutoa kirusi. Kabla ya kulaumu vinasaba, muulize mfugaji chanjo ilihifadhiwaje, na kama matone ya jichoni yalirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.