Ukienda kwenye hekalu la Shinto, usitafute sanamu

Wageni wengi nchini Japani hukimbilia hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, wakapiga picha kwenye yale malango mekundu, basi, wakaondoka. Siwakatazi. Ila kama una siku moja tu na unataka kujua Washinto, wafuasi wa dini ya jadi ya Japani, wanaabudu nini hasa, panda treni kutoka Nara hadi Miwa, ukaone hekalu la Omiwa.

Pale kuna jumba la kusalia, lakini nyuma yake hakuna chumba alimowekwa kami, yaani mungu au roho anayeabudiwa. Kami yumo mlimani. Mlima Miwa wote, wenye kimo cha mita 467, ni patakatifu, na watu husali wakiuelekea. Kami huyo, Omononushi, husimuliwa kuwa hujitokeza kama nyoka. Ndiyo maana mbele ya mwerezi mmoja mkubwa utakuta sadaka za mayai na sake, ile pombe ya mchele.

Kupanda kunaruhusiwa, kwa masharti. Unajiandikisha kwenye hekalu dogo la Sai, unalipa yeni 300, unavaa mkanda mweupe shingoni. Picha marufuku. Kula marufuku, maji unaruhusiwa. Choo njiani hakuna, kwa hiyo malizana na haja zako huku chini. Nenda asubuhi, maana ukichelewa hawakupokei, na vaa viatu visivyoteleza. Njia ni kali kuliko inavyoonekana kutoka stesheni, ingawa wapo wazee wanaopanda pekupeku, na walinipita nikihema.

Ndugu zangu Waislamu na Wakristo huniuliza: ni lazima kuinama na kupiga makofi? Hapana. Simama pembeni kwa utulivu, hakuna atakayekusumbua. Wenyeji huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena; kule kwenye hekalu la Izumo makofi ni manne. Kabla ya hapo hunawa mkono wa kushoto, wa kulia, kisha husukutua, mpangilio utakaokukumbusha udhu. Katikati ya njia ya kuingia hekaluni usipite, ni ya kami. Na aliyefiwa karibuni kwa kawaida haendi, kwani mauti huhesabiwa unajisi.

Ukipata siku ya pili, nenda kwenye mahekalu ya Ise. Majengo yake hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, na mapya yatakuwa tayari 2033. Anza na hekalu la nje, Geku, kisha upande basi hadi Naiku, hekalu la ndani, kwa Amaterasu, kami wa kike wa jua. Hapo utaona uzio, mapaa, na pazia jeupe. Ndani huingii, na ukishafika kwenye ngazi za mwisho, kamera irudi mfukoni.