Ruhusa za skrini ya mbali kwenye Linux: maswali yenu

Nikiandika `xhost +` programu inafunguka, lakini nikiwasha kompyuta upya ruhusa imefutika. Nifanyeje idumu?

Swali hili haliishi kuletwa, na kila anayelileta ameiacha hiyo alama ya kujumlisha peke yake, bila kutaja nani anaruhusiwa. xhost ni amri ya kupanga nani aruhusiwe kuitumia skrini yako, na orodha yake inakaa kwenye kumbukumbu ya seva ya X, yaani programu inayochora madirisha kwenye kompyuta yako. Seva ikizimwa, nayo imekwenda. Na heri iende! Kwa `xhost +` yeyote anayeifikia skrini yako anaweza kuipiga picha na kunasa kila kitufe unachobonyeza, nenosiri la benki likiwemo. Umeacha mlango wazi, sasa unaniuliza namna ya kuung'oa.

Ukitaka kumruhusu mtumiaji mwingine wa mashine hiyohiyo, mtaje: `xhost +SI:localuser:juma`. Mstari huo uweke kwenye `~/.xprofile`, au `~/.xsessionrc` kama unatumia Debian, usomwe kila unapoingia.

Kama programu iko kwenye kompyuta nyingine, achana na xhost, tumia SSH, njia ya kuingia kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa. Kule kwenye kompyuta hiyo ya mbali (hapa chini naiita seva tu) weka `X11Forwarding yes` ndani ya `/etc/ssh/sshd_config`, hakikisha xauth, programu ya kutunza funguo za ruhusa za skrini, ipo, kisha washa upya huduma ya SSH. Kwako, kwenye `~/.ssh/config`, andika `ForwardX11 yes` chini ya jina la seva hiyo. Si chini ya `Host *`, yaani seva zote, tafadhali: mwenye root (akaunti ya msimamizi mkuu) kwenye seva unayoingia anaweza kuifikia skrini yako.

Nimeiweka xhost kwenye `.bashrc`. Ni sawa?

Hapana. Itajirudia kila ukifungua teminali, na ukiingia kwa SSH pasipo skrini itakulalamikia.

Nimeandika anwani ya IP kwenye `/etc/X0.hosts`, faili la kompyuta zinazoruhusiwa, bado nakataliwa.

Tangu toleo la 1.17 la mwaka 2015, seva ya X.Org haisikilizi TCP, yaani maombi yanayokuja kwa mtandao, mpaka uiamrishe. Usiiamrishe. Data inapita bila kufichwa, na kwenye Wi-Fi ya ofisini anwani uliyoiruhusu leo kesho ni ya simu ya mgeni.

Nikiwa root naambiwa "cannot open display".

Usifungue programu za madirisha ukiwa root.

`ssh -X`, ya kuleta madirisha ya seva kwa SSH, inakubali, ila baadaye madirisha mapya hayafunguki.

Ni mpangilio wa SSH uitwao `ForwardX11Timeout`: kwa kawaida dakika 20, kisha maombi mapya yanakataliwa. Iongeze. Wengi hukimbilia `ssh -Y`, isiyo na kikomo hicho kwa sababu inaiamini seva kabisa. Kwa seva ya kukodi mimi siitumii.