Mtafsiri Alisema Kweli, Banda Likamzomea

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Ni filamu gani ya kale ya sayansi ya kubuni iliyokuacha gizani, na ni nani aliyekufafanulia?" Kipande cha kwanza sina ugomvi nacho. Hicho cha pili ndicho kilichonikera hata nikaanza kuandika kabla sijamaliza chai. Mmekwisha kuamua kwamba mtu akibaki gizani basi mwenye taa yuko mahali fulani, na mifano mmetoa wenyewe: mhakiki, mhadhiri, mtu aliyesomea filamu. Mimi nitajibu swali la jirani yake. Mtu anayekaa kando ya skrini na kuwaambia wenzake kinachoendelea anatakiwa ajue nini?

Filamu yangu ni 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka Aprili 1968, miezi 15 kabla ya binadamu kukanyaga mwezi. Kwa ambaye hajaiona: viumbe nusu nyani nusu watu wanaishi kwa njaa katika nyika kavu ya Afrika. Asubuhi moja wanaamka na kukuta jiwe jeusi limesimama wima, limechongwa kama mlango. Muda si mrefu mmoja wao anagundua kwamba mfupa unaweza kuwa rungu, anaua nalo, analirusha juu, na kabla halijatua picha inageuka, tuko angani miaka milioni kadhaa baadaye. Jiwe jingine la aina ile linafukuliwa mwezini. Chombo kinatumwa Mshtarii, kikiendeshwa na kompyuta iitwayo HAL 9000, ambayo njiani inaua wasafiri wote isipokuwa mmoja, Dave Bowman. Huyo anapita katika mto wa rangi na mianga, anajikuta katika chumba cha kulala cheupe chenye samani za kizamani za Kifaransa, anazeeka mbele ya macho yake mwenyewe, na mwisho anakuwa kitoto kinachoelea kando ya dunia. Kama dakika 25 za mwanzo hakuna anayesema neno, na zaidi ya 20 za mwisho vilevile.

Msimamo wangu nautoa mapema: filamu hii haitaki mfafanuzi. Arthur C. Clarke, aliyeiandika pamoja na Kubrick, alisema kwamba mtu akidai ameielewa yote basi wao wameshindwa, kwa sababu walikusudia kuacha maswali mengi kuliko majibu. Kubrick naye mwaka ule wa 1968 alikataa katakata kutoa ramani, akasema kila mtu awaze apendavyo. Halafu mwaka 1980, akizungumza kwa simu na mtengenezaji filamu mmoja wa Japani, akaeleza kila kitu kwa sentensi chache. Viumbe wenye uwezo wa kiungu, wasio na miili, wamemchukua Bowman wamchunguze. Wamemjengea chumba wanachodhani kitampendeza, kama sisi tunavyowawekea wanyama wa maonyesho miti na mawe, kisha wanamgeuza kuwa kiumbe cha daraja la juu na kumrudisha. Mahojiano hayo yalikuja kusikika hadharani mwaka 2018. Je, mlipoyasikia filamu ilinoga zaidi? Kwangu ilipungua. Na ukifungua riwaya ya Clarke iliyotoka mwaka uleule, chombo hakiendi Mshtarii, kinaendelea hadi Zohali. Wenyewe hawakukubaliana hata waendako, sasa mhadhiri anipeleke wapi?

Mimi niliiona mara ya kwanza Tanga, Makorora, katika banda la video, mwaka wa 2001 wenyewe. Msicheke, mwaka ndio ulioileta. Mwenye banda alikuwa akinunua mikanda ya mitumba kwa furushi, na alipoona tarakimu hizo juu ya gamba akajua amepata mali mpya. Ubaoni akaandika kwa chaki: LEO SAA 2 USIKU, 2001, VITA VYA ANGANI, MPYAA. Kiingilio shilingi 50. Mabenchi yalijaa hadi watoto wakakaa chini mbele ya deki.

Aliyeishi zama zile anajua kwamba banda bila mtafsiri lilikuwa halina biashara. Wetu alikuwa kijana aliyewahi kubeba mizigo ya watafiti kule msitu wa Amani, Kiingereza chake kilitoka huko. Maikrofoni yake ilikuwa imezungushiwa solotepu, na desturi yake ilikuwa kuuchukua mkanda nyumbani mchana autazame kwanza. Kazi yake ya kwanza katika kila filamu ilikuwa moja, kuwaonyesha watu steringi, yaani shujaa mkuu. Ukishamjua steringi umetulia, kwa sababu steringi hafi.

Basi filamu ikaanza na nyani. Dakika tano, nyani. Dakika kumi, nyani. Sauti kutoka benchi la nyuma: "Steringi yuko wapi?" Mtafsiri akasema subirini. Wakatokea wanyama weusi wenye mapua marefu wakila majani pamoja na wale nyani, na mzee mmoja, mwindaji wa zamani upande wa Handeni, akauliza kwa sauti hao ni nguruwe gani. Mtafsiri akakiri hawajui. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba ni tapiri, wanyama wa Amerika ya Kusini na Asia ambao Afrika hawapo kabisa. Studio ilikuwa karibu na London, mandhari ni picha zilizopigwa jangwa la Namibia zikamulikwa nyuma ya waigizaji. Wahakiki wangapi wa Ulaya walikaa na filamu ile bila kushtuka? Mzee wa Handeni alihitaji sekunde tatu.

Akaja Daktari Floyd, mtu wa suti, kasinzia ndani ya chombo, kalamu yake inaelea. "Steringi huyu hapa," akasema mtafsiri, watu wakapumua. Floyd akafika kituo cha angani, akampigia simu ya picha binti yake mdogo, ambaye siku yake ya kuzaliwa inakaribia. Mtafsiri akafuata neno kwa neno: "Anamuuliza anataka zawadi gani. Mtoto anasema anataka komba."

Banda lililipuka. Komba! Huyu anayeshuka usiku kwenye minazi kunywa tembo la mgema, analia kama mtoto mchanga, wewe unatuambia Mzungu wa angani anamtaka wa nini? "Na tembo atapewa na nani huko?" akauliza mmoja. Mtafsiri akaapa. Akazomewa. Akaapa tena kwa jina la mama yake, wakamwambia amwache mama wa watu apumzike. Kuanzia hapo alikuwa ameshapoteza banda. Na ndiyo sentensi iliyo sahihi kuliko zote alizowahi kutafsiri, maana binti wa Floyd anaomba komba kweli, mnaweza kuhakikisha usiku huu.

Floyd naye akatoweka, hakurudi. Wakaja Bowman na Poole, wakimbiaji wa mazoezi, wala chakula cha rangi rangi. Steringi ni yupi kati ya hawa wawili? Poole akafa, basi ni Bowman. Lakini anayezungumza zaidi ni HAL, lile jicho jekundu. Hapo ndipo kijana mmoja muuza kahawa akasema jambo ambalo sijalisoma kwa mhakiki yeyote likiwa limesemwa kwa ufupi ule: "Steringi ni lile jiwe. Wengine wote wanapita."

Kwa HAL mtafsiri alijikomboa. Mnaijua sauti ile ya mwigizaji Douglas Rain, haipandi wala haishuki, adabu tupu. Mtafsiri hakujaribu kuifanya ya kutisha. Aliifanya karani wa dirishani. Bowman yuko nje, kofia ya anga ameisahau ndani, anaomba mlango ufunguliwe. HAL anajibu kwa Kiswahili cha Tanga: "Ndugu Dave, ombi lako limepokelewa. Mlango hautafunguliwa leo. Nakutakia kazi njema." Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana hakuna mtu mzima mle ndani ambaye hajawahi kusimama mbele ya dirisha la namna hiyo akiwa na mgonjwa au mirathi. Bowman alipoingia kwa nguvu na kuanza kuchomoa vibao vya kumbukumbu, HAL akaomba aachwe, akasema anaogopa, mwisho akaanza kuimba wimbo wa mapenzi wa kizamani, uleule ambao kompyuta ya IBM 704 ilifundishwa kuuimba kule Marekani, maabara ya Bell Labs, mwaka 1961. Mtafsiri aliweka wimbo wa kitoto wa michezo ya uani, sauti ikizidi kuzama. Mwanamke mmoja akasema, "Masikini." Kwa mashine!

Kisha ukatokea ule ujumbe wa Floyd uliorekodiwa, unaosema safari nzima ni HAL peke yake aliyejua kwamba wanafuata mawimbi yaliyotoka kwenye jiwe la mwezini. Mtafsiri akaieleza hivi: "Kumbe wakubwa waliiambia mashine ifiche, hawa wenye roho wakaachwa hawajui." Yule mzee wa Handeni akaitikia, "Ndiyo maana ikaharibika akili." Ndilo jibu hilohilo lililomo katika riwaya ya Clarke, kwamba kiumbe kilichotengenezwa kiseme kweli kikaamriwa kuficha. Walilifikia kwa shilingi 50.

Zikaja zile rangi. Mianga inakimbia pande zote, buluu, njano, nyekundu, haina mtu wala neno. Mwenye banda akadhani hedi ya deki imechafuka. Akautoa mkanda, akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta, akapuliza, akarudisha. Rangi bado. Akautoa tena. Kubrick baada ya maonyesho ya kwanza kabisa alikata kama dakika 19 za filamu yake. Wetu alikata mwisho wote na kuweka ngumi za Hong Kong, na ukumbi ukashangilia.

Kesho yake kijiweni chini ya mwarobaini mtafsiri akabanwa aseme Bowman aliishia wapi, kwa kuwa yeye alishautazama. Akasema: alifika nyumba nzuri, akajiona mzee anakula, mzee akajiona yuko kitandani anakata roho, lile jiwe likasimama miguuni pa kitanda, na kitandani akawa mtoto. Basi? Basi. Wakamwambia arudi kwenye komba wake. Nilipokuja kuiona mwenyewe hadi mwisho, miaka mingi baadaye, nilikuta hakuongeza chumvi hata punje.

Nilianza kuandika nikiwa nataka wafafanuzi wote wafungiwe nje, na sasa naona nimewamwagia sifa wa aina moja. Tofauti yake na wa kwenu ni kwamba yule alisema anachokiona. Hakusema jiwe ni alama ya nini. Hakumtaja mwanafalsafa Nietzsche kwa sababu tu umepigwa muziki ambao Richard Strauss aliupa jina la kitabu cha mwanafalsafa huyo.

Mahali pamoja lakini nimezidi kukaza, nako ni mwanzo. Ule mfupa unaoua haukutoka hewani. Ulitoka katika fikra iliyovuma miaka ile, ya Raymond Dart, mchunguzi wa mabaki ya binadamu wa kale huko Afrika Kusini, ikasambazwa na mwandishi Robert Ardrey mwaka 1961, kwamba binadamu alianza kuwa binadamu siku aliposhika silaha. Baadaye mtafiti Bob Brain alionyesha kwamba marundo ya mifupa katika mapango ya Afrika Kusini yaliachwa na chui na fisi, na babu zetu walikuwa miongoni mwa walioliwa. Huku kwetu Olduvai, alikofukua Mary Leakey mwaka 1959 fuvu la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, kuna mifupa ya wanyama ya miaka kama milioni 1.8 yenye alama za kukatwa kwa mawe, na mingine imepasuliwa kutoa uboho. Magharibi ya Ziwa Turkana, Lomekwi, zana za mawe zilizotangazwa 2015 zina miaka milioni 3.3. Mfupa uliothaminiwa na hawa watu yaelekea haukuwa rungu, ulikuwa supu. Hilo si fumbo la kutafutiwa maana. Ni jambo la kusahihishwa, na msahihishaji si lazima awe mhakiki. Hata hivyo, kama picha ya sinema, ule mrusho wa mfupa bado unanisisimua kila mara, sina la kufanya.

Kwa hiyo mkilazimika kuchapa jibu langu kwa ufupi: ndiyo, itazameni na mtu wa kuwaeleza. Awe ameitazama kabla. Aseme kinachoonekana na anyamaze asipojua, kama kwa wale tapiri. Wenye haraka wanaweza kumpita Floyd akisoma maelekezo marefu ya choo cha angani, ingawa Kubrick alikusudia pale tucheke. Ila jicho jekundu likianza kusema, maikrofoni izimwe, mtafsiri anywe maji, labda awe ni yule wetu.