"Hukuniona": neno lililonilaza kituoni

Juzi kijana mmoja wa Micheweni kaniandikia: "Kaka, jirani kanishitaki polisi eti nimemtukana. Askari hakuwepo. Anaweza kunikamata?" Nikacheka, kisha kicheko kikakauka. Jibu la swali hilo mimi nimelilipia usiku mzima ndani.

Ilikuwa msimu wa karafuu, Wete, Pemba. Mbuzi wangu alipanda jamvi la jirani akazivuruga karafuu alizoanika. Tukarushiana maneno. Magharibi wakaja askari wawili na sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Mimi, msomi wa WhatsApp, nikajitanda mlangoni: "Afande, uliniona nikitukana? Hukuniona! Na hati ya kunikamata huna." Nikamsomea na kifungu cha sheria alichonitumia binamu yangu wa Dar es Salaam. Yule mkubwa akatabasamu: "Hiyo ya Bara, bwana." Na kweli. Polisi ni wa Muungano, lakini mwenendo wa jinai, yaani namna ya kukamata na kushitaki, Zanzibar una sheria yake, namba 7 ya 2018. Watoto wa mtaa wakaangua kicheko. Mpaka leo kinaniuma.

Tena sikuwa nimekosea kabisa. Kanuni tuliyorithi kwa Waingereza ni kuwa kosa zito, kama wizi, askari akiwa na shaka yenye sababu ya msingi hukamata bila ya hati, aone asione. Kosa dogo ambalo sheria haikumpa ruhusa hiyo, kwa kawaida liwe limetendeka mbele yake. La sivyo aende kwa hakimu. Lipi ni lipi, haliamuliwi mlangoni kwako. Sheria ndiyo inayoyapanga makosa.

Basi aliponishika bega, nikamsukuma mkono. Hilo aliliona kwa macho yake mawili! Kumzuia askari kazini. Habari ya matusi hata haikuulizwa tena usiku ule.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliza kwa sauti ya chini: "Afande, nakamatwa kwa kosa gani? Kuna hati?" Usimguse. Mtu wa nyumbani akufuate kituoni, uombe dhamana. Sauti ya chini, narudia. Sisi tunaotaka kufika mbali tujifunze kumeza mate. Vijana wa sasa mnapenda kushinda mabishano kuliko kulala kwenu.

Asubuhi aliyenidhamini ni sheha yule yule. Nilirudi nyumbani pekupeku, makubadhi yangu niliyovuliwa usiku hayakuonekana. Jirani alikuwa barazani kwake, anachambua karafuu. Nilimsalimia mimi kwanza.