Kigango cha babu kimeibwa, nyanya haamki

SWALI: Shangazi habari za huko. Niko Mombasa kikazi lakini kwetu ni ndani ndani huko Ganze. Watu waliingia usiku wakang'oa kigango cha babu, ile nguzo ya kuchongwa tuliyomsimikia baada ya kufa, wakaenda nacho, na tangu hapo nyanya hali, halali, anasema babu anamjia ndotoni. Baba mdogo anasema ni mbao tu, kakangu aliyeokoka anasema afadhali kimeondoka. Tumpeleke hospitali ama kwa wazee?

JIBU: Pole sana mwanangu. Hospitali kwanza, tena kesho, apimwe presha na sukari, mtu wa umri wake asipokula wala kulala hapo hakuna kungoja. Lakini vidonge pekee havitatosha manake kinachomuumiza mnakijua. Mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wa Kimijikenda, akifa halafu baadaye nyumbani kukawa na maradhi na ndoto zisizoisha, ukoo unakaa, mti mgumu unachongwa kigango, unasimikwa, pombe ya mnazi inamwagwa, na waliokuwa hawasemezani wanajikuta wanakula pamoja, sasa hiyo kama si tiba ni nini? Kikishasimikwa hakiondolewi. Kwa hivyo nyanya amefiwa mara ya pili na hakuna aliyemkalia matanga, nyinyi mnabishana tu mbele yake. Nendeni kwa wazee pia, wao ndio watasema kipi kifanyike saa hizi, na mumwache nyanya azungumze habari za babu mpaka achoke mwenyewe.

Na mwambie baba mdogo, mbao tu haisafirishwi mpaka Marekani! Mzee Kalume Mwakiru aliibiwa vigango vyake viwili 1985, kimoja kikaja kupatikana Illinois State Museum kikarudishwa 2007, na kilichosaidia ni picha aliyopigwa mzee akiwa navyo. Makumbusho ya Denver nayo ilirudisha 30 mwaka 2019. Kwa hivyo tafuteni picha yoyote, ya harusi, ya mazishi, hata kama kigango kinaonekana kwa nyuma tu, pigeni ripoti polisi mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, halafu mpeleke kopi kwa watu wa Makumbusho ya Taifa, wako Malindi na pale Fort Jesus. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inawalinda.

Kakako hatalazimishwa kumwaga mnazi, imani yake ni yake. Lakini kumpeleka nyanya kliniki na kufuatilia hiyo ripoti anaweza, mpeni hiyo kazi.