Maua ya kosmosi hayataki mbolea ya kuku, rudisha hayo magunia!

Dada, nimesoma hapo uliposema udongo wako wa Fuoni ni kichanga kitupu, na kwamba umeshanunua mbolea ya kuku uutie nguvu kabla ya kupanda kosmosi. Ukauliza pia upande lini. Hilo baadaye. Kwanza mbolea hiyo usiitie, hata kopo moja!

Mimi nilitia. Muuza miche mmoja aliniambia kila ua lataka kushibishwa, akaniuzia mbolea ya kuku, akaongeza na yurea, ile mbolea ya dukani. Nikamwamini kwa kuwa zake zilikuwa zimechanua. Zangu ziliota kwa fujo, zikanipita kimo, majani membamba kama ya shamari, mashina mateketeke yamejaa maji, na ua hata moja. Wapita njia wakisifu ule ukijani, mimi natafuta vitumba sivioni. Mvua ya masika ilipopiga na upepo, zote zikalala chini. Aliyefaidi ni mbuzi wa jirani. Nikamrudia yule bwana, akaniambia nizidishe mbolea! Wallahi mpaka leo nikipita pale damu inanichemka. Mtu anauza asichokijua, na ukimlalamikia anakuuzia tena.

Kosmosi asili yake ni Meksiko, na imezoea ardhi dhaifu. Ukiilisha naitrojeni nyingi, kile chakula cha majani kilichojaa kwenye mbolea ya kuku na yurea, inajenga majani na mashina tu, kuchanua inakuchelewesha. Ikinyimwa kidogo, ndipo inapokimbilia kutoa maua na mbegu. Kwa hiyo hicho kichanga chako unachokionea haya ndicho chenyewe, mradi maji hayatuami na jua linapiga kutwa.

Na akitokea mtu kukwambia hazichanui kwa sababu ya urefu wa mchana, hayo ni ya Ulaya, ambako mchana wa kiangazi huwa mrefu kweli na kosmosi husubiri upungue. Sisi Unguja mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Zikikataa kuchanua hapa, tazama kwanza ulichomwaga chini.

Kupanda, subiri masika yakatike, mwezi wa Juni. Mbegu zitie palepale zitakapokaa, uzifunike udongo wa nusu sentimita tu. Miche ikifika sentimita 30 kata ncha, itatoa matawi na haitarefuka ovyo. Maua utayaona baada ya wiki 8 hadi 10, na ukiyakata yanayonyauka mengine yanazidi kuja. Maji wastani. Mbolea hapana, si ya kuku, si ya ng'ombe, si ya dukani.

Kama tuta moja umeshalichanganya, usilazimishe. Panda mchicha humo, utakushukuru. Kosmosi zipeleke ule upande ambao hujaugusa.